Gesi ya AC Hailiwi: Niliyoongea na Mafundi na Wenye Haibridi Hapa Mbeya

Wengi mmeniandikia kwamba Jumamosi hamkuweza kufika kwenye mkutano wetu wa AC za haibridi, wengine mlikuwa shamba, wengine mlikwama Tunduma. Nimeyaweka hapa yote kama nilivyoyaongea, zile picha za ukutani tu ndo nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo vipi. Ndugu zangu wa Tukuyu na Kyela, ugonile! Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene! Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi mliokaa mbele, maana sisi tukiitwa mkutanoni tunajaza viti vya nyuma kwanza kama vile huku mbele kunavuja.

Kabla sijaanza naomba niulize. Nani hapa ameshawahi kuambiwa "Mbeya AC ya nini"? Nyosheni mikono. Mnaona? Karibu wote.

Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Julai asubuhi hapa unatoka nje ukipumua unatoa moshi kama unavuta sigara, halafu mtu anakuja gereji anakwambia fundi AC yangu haipoozi, unamwangalia unamwambia mzee si ufungue dirisha. Lakini hebu tukae tufikirie. Umetoka Uyole saa kumi na moja alfajiri unapanda kwenda Tukuyu, ukungu umeshuka mpaka barabarani, kioo cha mbele kimejaa mvuke kwa ndani, unafuta kwa kitambaa, unafuta kwa mkono, unafuta kwa kofia, na mbele linakuja fuso la ndizi. Kile kioo kinakaushwa na nini? Na AC! AC inapooza hewa na inaikausha pia. Washa AC, washa na hita, elekeza kwenye kioo, muda si mrefu unaona barabara. Kwa hiyo mtu wa Mbeya anayeniambia AC siyo muhimu mi namuuliza tu anapitaga wapi alfajiri.

Halafu kuna la pili ambalo ndo limenileta hapa mbele. Kwenye haibridi nyingi tunazoendesha, hizi gari za petroli na umeme kwa pamoja, Prius, Aqua na ndugu zao, ile betri kubwa inapozwa na hewa ya humo humo ndani mlimokaa. Kuna feni inanyonya hewa karibu na siti ya nyuma inaipitisha kwenye betri. Nyie mkipikwa na joto, betri nayo inapikwa. Ndo maana nasema fundi wa AC wa haibridi akikosea, hasara inaweza ikaenda mbali sana na AC.

Haya. Jambo la kwanza. Sahau klachi.

Narudia, sahau klachi. Gari za kawaida tulizokulia nazo, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, inazungushwa na mkanda wa injini, mbele yake kuna klachi, ukibonyeza AC unasikia tak, klachi imeshika. Wote tumefundishwa hivyo. Mteja akilalamika unafungua boneti unasikiliza tak. Hakuna tak? Unachokonoa relei, unapima waya wa klachi, ukishindwa unasema gesi imeisha, si ndio? Msicheke, nawajua.

Sasa kuna bwana mmoja alikuja kwangu na Prius ya 2010, ameshapita gereji mbili. Fundi wa kwanza alitafuta mkanda wa AC tangu asubuhi mpaka watu wanaenda kula. Haupo. Akamwambia bosi, mkanda wako umekatika umedondoka njiani, kanunue mwingine. Jamaa akaenda dukani, na mwenye duka naye akamuuzia! Sasa nyie niambieni huyo mwenye duka aliuza mkanda wa nini, maana ile injini haina mkanda hata mmoja. Hata pampu ya maji inaendeshwa na umeme. Ule mkanda ninao, nimeutundika ukutani gerejini, kila kijana mpya nikimpokea namuonyesha kwanza ule kabla sijamuonyesha spana.

Iko hivi. Prius ya kwanza kabisa ya 1997 ilikuwa na mkanda kama gari nyingine. Ilipokuja ile ya 2003 Toyota wakaweka kompresa ya umeme, mota yake imo ndani kwa ndani, umeme wa feizi tatu, na inakula kwenye betri kubwa. Betri ya Prius ile ni volti 201.6, ya Aqua ni volti 144. Siyo volti 12, jamani! Ndo maana AC inapooza hata injini ikiwa imezima, unakaa pale Mwanjelwa unasubiri mtu, gari kimya, ubaridi unakuja. Ila msije mkazifunga zote kamba moja. Honda Insight ya 2009 ni haibridi na kompresa yake ni ya mkanda, injini ikijizima kwenye foleni ubaridi nao unakata, mwenye gari anakuja analia AC mbovu wakati gari ndo imeumbwa hivyo. Kwa hiyo ujue kwanza umeshika gari gani.

Sasa kama hamna tak unaanzia wapi? Unaanza na mikono na masikio. Weka gari READY, yaani imewashwa tayari kutembea, siyo accessory, READY. Hali joto weka mwisho wa chini, LO. Feni ya ndani juu. Bonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Na ECO zima! Kuna mama mmoja mwalimu alikuja hapa na Aqua, ameshalipia gesi mara mbili sehemu nyingine, kumbe ECO imewaka siku zote na ECO inabania AC ili kuokoa mafuta, halafu yeye mwenyewe ameweka nyuzi 26. Nikazima ECO, nikashusha, tukakaa dakika kumi tunapiga stori za shule, akaanza kutafuta khanga ajifunike. Nikamwambia mwalimu, leo hunidai sikudai.

Halafu fungua boneti, sikiliza. Kompresa ya umeme haigongi, ina mlio mwembamba, wiiii, unapanda na kushuka kadiri inavyoongeza spidi. Shika mabomba, polepole. Lile nene linalorudi kwenye kompresa liwe la baridi, litoe jasho. Lile jembamba linaloenda ndani liwe na uvuguvugu. Feni za mbele zinazunguka? Kondensa, ile ya mbele inayotoa joto la gesi, imezibwa? Gari zinazotoka barabara za vumbi za Chunya huwa naona matope yamekauka kwenye mapezi ya kondensa mpaka huoni rejeta nyuma yake.

Na kile kichujio cha hewa nyuma ya droo ya dashibodi, mbele ya abiria. Wangapi wameshakifungua? Mnaangaliana! Gari moja ilitoka Mbozi, hewa ilikuwa inatoka kidogo kama mtu anapuliza chai. Nikavuta kile kichujio kikagoma, nikavuta kwa nguvu, kikatoka na kiota cha panya, kimefumwa vizuri kabisa na pamba ya humo humo, punje sita za mahindi na karatasi ya pipi. Mwenye gari akasema, hii pipi ni ya mwanangu. Tungejaza gesi pale tungekuwa tumempoozea panya.

Baada ya mikono ndo uje kwenye kodi. Kodi za hitilafu, siyo za TRA, hizo mtu wa kuwaeleza simo. Mashine ya kusoma ukiwa nayo vizuri zaidi, ila Toyota nyingi zenye AC otomatiki zinakusomea zenyewe, unashika AUTO na kile kitufe cha kuzungusha hewa kwa pamoja huku unawasha gari bila kukanyaga breki, taa zinamemeta, halafu namba zinaanza kuja. Ikija 00 hakuna kitu kilichorekodiwa. Ikija 23, hiyo ni presha ya gesi, iko chini mno au juu mno, au sensa yake ina shida. Ikija 21 ni sensa ya jua.

Hapo kwenye 21 ngoja nisimame kidogo maana imekula hela za watu. Kijana wangu mmoja, mwerevu kweli, alisoma 21 kwenye gari ya mteja, akaagiza sensa ya jua kutoka Dar. Ikaja, akafunga, akasoma tena, 21. Akasema sensa feki. Akaagiza nyingine! Mi nikaja nikamwambia hebu sukuma gari nje. Tukasukuma mpaka juani, akasoma tena, 00. Sensa ya jua ikiwa gizani chini ya bati inajiona kama imekatika, ndo tabia yake. Gereji yangu ina bati. Sensa mbili zimekaa kwenye droo mpaka leo.

Jambo la pili. Gesi hailiwi.

Semeni na mimi. Gesi hailiwi! Tena, wa nyuma sijawasikia. Gesi hailiwi!

AC haili gesi kama injini inavyokula petroli. Gesi inazunguka humo humo, inageuka maji, inageuka mvuke, inarudi. Ikipungua imevuja. Sasa mtu anakwambia "mimi huwa najaza kila mwaka", unajaza kila mwaka wewe una tanki lililotoboka! Tafuta tundu. Kwenye kompresa ya umeme hamna ile sili ya shafti inayovujaga kwenye kompresa za mkanda, maana mota imo ndani, kwa hiyo angalia maungio, angalia ringi za mpira, angalia kondensa kwa mbele pale inapopigwa na kokoto za malori. Oili inatoka pamoja na gesi, kwa hiyo penye uvujaji vumbi linashika, linakuwa jeusi lenye unyevu kama chini ya dumu la alizeti. Ukiona pale, weka povu la sabuni.

Na kuna ugonjwa wa huku kwetu nyanda za juu ambao mtu wa Dar hawezi kukuelewa. Naomba mnisikilize hapa vizuri maana mgonjwa wa kwanza nilimsababisha mimi.

Julai, asubuhi, Prius ya 2007. Mteja anasema ubaridi umepungua. Nikafunga geji, nikaona presha iko chini, nikajaza. Presha ya upande wa juu haipandi ninavyotaka, kichwani nina namba za kitabu, nikaongeza. Haijafika, nikaongeza tena. Ikafika. Nikapokea hela yangu, jamaa akaondoka kwenda Dar. Iringa mjini, safi. Ilula, safi. Akashuka Kitonga, akafika Ruaha Mbuyuni saa saba mchana, mnalijua joto la pale kwenye mibuyu, AC ikaanza kutoa hewa ya moto. Akafika Dar anaoga jasho. Fundi wa Dar akamwambia huyo wa Mbeya kakuibia, hakuweka gesi. Akaongezwa gesi! Ikawa mbaya zaidi. Akarudi huku, kufika Makambako usiku, baridi, AC hiyooo inafanya kazi kama mpya. Sasa mnasemaje hapo?

Zile namba za kitabu zimeandikwa kwa hewa ya nyuzi 30 mpaka 35. Mimi nilikuwa na nyuzi 12. Kwenye baridi presha lazima iwe chini, hata gesi ikiwa imejaa sawasawa. Nikaifukuzia namba ya joto kwenye baridi, nikamjazia kupita kiasi, gari iliposhuka kwenye joto presha ikaruka juu, kompyuta ikasema mimi sitaki kupasua kitu, ikakata kompresa. Nilipoitoa ile gesi nikaipima, mizani ikasoma gramu 640. Stika chini ya boneti imeandikwa 450. Stika ilikuwepo pale pale siku zote!

Gesi inapimwa kwa mizani, jamani. Mnanunua gesi ya kupikia, si mnaupima mtungi? Mtungi ukiwa nusu na ukiwa umejaa, presha ni ile ile, mpaka maji ya ndani yaishe. R134a, hiyo gesi ya AC zetu, ni hivyo hivyo. Gari ikiwa imelala na nje ni nyuzi 20, geji itakusomea psi 68 hivi, nyuzi 10 itakusomea psi 45 hivi, na hiyo inakwambia kuna gesi ya maji humo ndani, haikwambii ziko gramu ngapi. Toa yote, vuta hewa, rudisha kwa gramu za stika. Mwenye kujaza kwa macho na kwa imani aende akahubiri, siyo kugusa haibridi.

Na hiyo kuvuta hewa nayo ina la kwake huku kwetu. Vitabu vinasema vuta mpaka sindano ifike karibu 30 upande wa vakyumu. Kijana alivuta hapa siku nzima, sindano imesimama 24 na nusu, haiendi. Akabadilisha ringi tatu za mpira, akabadilisha mpira wa geji, akaanza kusema pampu imechoka. Pampu haijachoka. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, ile sindano inapima tofauti kati ya ndani na nje, na huku nje penyewe hakuna 30 ya kutoa. 24 na nusu ya Mbeya ni sawa na karibu 30 ya Dar. Ukipata kipimo cha dijitali kinachosoma vakyumu halisi nunua, na kutafuta uvujaji tumia naitrojeni na povu. Ila usiteseke na sindano.

Jambo la tatu ni oili. Hapa natamani mngeacha simu kidogo.

Gari ilikuja imevutwa kutoka Mafinga, Prius tena. Stori yenyewe: AC ilikuwa imepungua, jamaa akajaziwa barabarani na kopo, lile kopo dogo la gesi ambalo ndani lina na oili. Ubaridi ukaja. Akafurahi, akalipa, hata soda akamnunulia fundi. Baada ya wiki kama mbili ikawaka pembetatu nyekundu kwenye dashibodi. Akaendelea kutembea nayo. Akazima usiku, asubuhi haitaki kwenda READY. Kila mtu akamwambia betri imekufa, andaa mamilioni.

Nikapiga mashine. P0AA6. Hiyo kodi inasema umeme mkubwa unavujia kwenye bodi. Na chini yake kuna namba ndogo ya ziada ambayo mafundi wengi hawaifungui, wanaishia kwenye P0AA6 wanaanza kushusha betri. Nikafungua. 611. Unajua 611 ni nini? Ni upande wa AC. Ingekuwa 612 ni upande wa betri, 613 upande wa giaboksi. Ilikuwa 611! AC! Betri haina kosa lolote.

Imekuwaje? Ile mota imo ndani ya kompresa, inaogelea kwenye gesi na oili. Kwa hiyo oili yake lazima iwe haipitishi umeme. Toyota wanatumia inaitwa ND-OIL 11, ni familia ya POE. Kopo la barabarani lina PAG, oili ya kompresa za mkanda, nzuri kabisa kwenye Noah, lakini kwenye kompresa ya umeme inashusha kinga ya waya za mota, umeme unaanza kutafuta njia kwenda kwenye bodi. Nilipochomoa plagi ya kompresa nikapima kwa mita ya inshulesheni, ile inayotuma volti 500, ilitakiwa isome megaohmu nyingi tu, ikasoma kiloohmu. Na mita yako ya kawaida ya betri ndogo hiyo itakudanganya itasema hakuna shida, usiitumie kwa kazi hii.

Na siyo lazima uwe umemwaga kopo zima. Kile kiasi kinachobaki kwenye mipira ya geji zako baada ya kuhudumia gari kumi za kawaida nacho ni uchafu. Gerejini kwangu haibridi ina mipira yake, nimeizungushia tepu ya rangi ya chungwa, kijana akiifunga kwenye Corolla mimi na yeye siku hiyo hatuli meza moja. Yule wa Mafinga tulibadilisha kompresa na tukasafisha mfumo mzima, na kuna vitu havisafishiki vinabadilishwa tu. Kopo moja!

Nimetaja kuchomoa plagi. Tusimame hapo, maana kuna wazazi hapa ambao watoto wao wanajifunza ufundi. Waya wa rangi ya chungwa ni umeme mkubwa. Mimi nafanya hivi: nazima gari, funguo nampelekea mama lishe aniwekee, kule mbali, maana haibridi ikiwa READY imenyamaza unadhani imelala, halafu injini inawaka yenyewe mkono wako uko kwenye feni. Natoa teminali ya betri ndogo. Navaa glovu za umeme za volti 1,000, na kabla ya kuvaa nazikunja hewa ibaki ndani nabinya nisikilize kama zinavuja, zikitoa pumzi nazitupa. Nachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, naiweka kwenye mfuko wa ovaroli langu, siyo juu ya benchi, ili asije mtu mwema akanirudishia. Halafu nasubiri dakika kumi. Kumi! Ni muda wa chai na andazi, kapasita za kwenye inveta, zile zinazotunza umeme, zinajimwaga. Halafu ndo napima kama kweli ni sifuri. Mwenye haraka na zile dakika kumi sina kazi naye.

La mwisho halichukui muda, naona mama lishe ameshaanza kugonga sufuria.

Wakati mwingine AC inakata na AC haina kosa lolote. Dada mmoja, mfanyabiashara wa mchele, anakuja nao kutoka Kyela na Aqua yake. Anasema fundi, Kyela kwenyewe AC nzuri, nikianza kupanda kuja Tukuyu inakata, nikifika juu kwenye baridi inarudi. Mmeshaona, hii ni kinyume cha yule wa Ruaha Mbuyuni. Nikapima gesi, gramu ziko sawa. Kodi za AC, 00, na nilisomea nje juani! Nikakaa nyuma nikamwambia endesha tupande nayo Igawilo huko. Kwa nyuma nasikia feni inavuma, vuuuu, kama kikaushia nywele cha saluni. Nikamwambia dada simama, huwa unapakia wapi mchele? Akasema buti likijaa magunia mengine yanakaa siti ya nyuma na chini yake hapo.

Hapo chini ndipo betri ya Aqua inapovuta pumzi. Gunia limekaa kwenye mdomo wa betri. Mlima unaikamua betri, betri inachemka, haipati hewa, kompyuta inaanza kubana matumizi, na cha kwanza inachomnyima ni nani? Kompresa ya AC, maana inakula kwenye sufuria hiyo hiyo. Nilifungua ile feni. Nyuzi za gunia zimejizungusha kwenye pangaboi, vumbi la pumba limeganda kama ugali wa jana, na punje za mchele humo ndani, nzima, ndefu, mchele wa Kyela wenyewe. Nikasafisha, nikaangalia joto la betri kwenye mashine kabla na baada, likashuka. Gesi sikugusa.

Kwa hiyo AC ikikata mlimani, soma na upande wa betri, joto lake na blok zake, kabla hujafungua geji. Betri iliyochoka inaanza kunyima AC mapema kuliko inavyoanza kuwasha taa.

Aliyeuliza pale mlangoni kuhusu gari mpya zinazotumia gesi ya R1234yf, ndio zipo, nozeli zake hata hazifanani na za R134a, usilazimishe. Na mzee aliyeniuliza kama hapa kwetu aiwashe AC hata asipoihitaji, ndio mzee wangu, dakika kadhaa kila wiki, oili itembee, mipira isikauke.

Sasa pale nje kuna Aqua nyeupe, mwenyewe amenyosha mkono tangu mwanzo, anasema AC inakata akifika Igawa na ameshajaziwa gesi mara tatu. Mashine ninayo, mizani ninayo, ECO sijui kama imezimwa. Tumsogezee gari itoke kwenye kivuli, tuanzie na kile kichujio. Kama kuna panya, aliyekaa karibu na mlango aufunge.